Fundi, Usifomati Kwanza!

Ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji. Mimi changu kilinyolewa kikavu, ndugu msomaji, ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mama yangu huuza mahindi, maharagwe na njahi katika soko la Gakoromone hapa Meru. Wateja wengine huchukua kwa mkopo, hasa wenye vihoteli, na madeni hayo nilikuwa nikiyaandika mimi katika kompyuta yetu ya nyumbani, mtumba wa Windows 10. Kila Jumamosi jioni mama alinisomea kutoka kwa kijidaftari chake, mimi nachapa, kisha karatasi zile zinawashia jiko. Tulijiona watu wa kisasa kwelikweli!

Likizo ya Agosti nikatia draiva ya printa ya kuazima. Kuzima na kuwasha, lo! Kioo kimekuwa buluu, mashine inajizima, inajiwasha, inajizima tena. Baba akaibeba hadi kwa fundi mmoja. Jamaa hakuuliza lolote. "Mzee, hii ni ya kufomati tu. Njoo saa kumi." Saa kumi tuliikuta inawaka kama mpya. Na kumbe ilikuwa mpya kweli, tupu kama debe. Madeni ya miezi saba yalikuwa yameenda na maji.

Mama hakugomba. Aliketi akaanza kuhesabu kwa vidole: huyu magunia mawili, yule gorogoro sita... Waungwana walikuja wenyewe wakalipa. Wengine, wacha tu, hadi leo wakimwona wanavuka barabara.

Sasa hoja yangu. Tangu mwaka wa 2000, ilipotoka Windows Me, kompyuta hizi zimekuwa na njia ya kurudi nyuma iitwayo System Restore. Mashine huweka kumbukumbu ya hali yake, yaani mipangilio, draiva na programu, kabla ya kuingiziwa kitu kipya. Ikiharibika, unaiambia irudi ilivyokuwa juzi. Programu uliyoitia baada ya hapo huondoka, lakini barua, picha na hesabu zako hubaki palepale. Hata ikikataa kuwaka mara mbili tatu, kwa kawaida huleta ukurasa wa matengenezo yenyewe, na humo njia hiyo imo.

Mbona basi mafundi hawaitumii? Wapo waitumiao. Lakini kufomati hakuhitaji kufikiri sana, na bei yake inajulikana. Watanijibu ati kurudi nyuma hukwama mara nyingine, na kwamba virusi vyaweza kujificha humo humo. Ni kweli, siwapingi. Ninachosema ni kuwa kufomati kuwe kama kukata mguu, na daktari hakati mguu asioutazama. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, abiria wakakwama viwanjani. Je, dawa ilikuwa kuzifomati? La hasha! Ilikuwa kuondoa faili moja mbovu.

Mimi mwenyewe sijitoi lawamani. Katika kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 huduma hii huja imezimwa, ni lazima mwenyewe uiwashe, kazi ya dakika mbili. Sikuiwasha. Tena huduma hii hairudishi faili iliyofutwa, kwa hivyo nilipaswa kuwa na nakala kwenye flashi, na sikuwa nayo. Lakini hata hivyo, diski yetu haikuwa na ugonjwa. Fundi angeweza kunakili faili za mama kabla ya kufuta, ikiwa tu angeuliza: "Kuna kitu humu mnachokihitaji?" Swali moja tu, bwana!

Walimu wetu nao wanisamehe. Tumekariri sehemu za kompyuta tangu Kidato cha Kwanza, kibodi hii, kipanya hiki, lakini sijaona darasa ambamo mashine inaharibiwa makusudi kisha wanafunzi wakaambiwa waiponye. Naomba chama chetu kiandae alasiri moja ya namna hiyo muhula ujao. Kompyuta yetu nitaileta mimi.

Kijidaftari cha mama, kwa sasa, hakiwashi jiko tena. Kimo kabatini, kimefungwa kwa kamba ya gunia.