Ustadi wa Jana Usipotee Leo

Juma hili yafaa tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua wacheza gofu wengi. Mtu hufanya mazoezi Jumamosi, na mipira yake yote ikaruka kama alivyotaka, akarudi nyumbani kwa furaha. Jumanne akienda tena kiwanjani, ule ustadi haupo. Hajui umekwenda wapi, wala hajui njia ya kuurudisha.

Pengine msomaji mmoja atasema, "Gofu ni mchezo wa wenye mali. Unatuhusu nini sisi watu wa nyavu na mitumbwi?" Ndugu yangu, unatuhusu. Ukiifuata barabara yetu ya Bondo mpaka Kisian, kisha ukaingia Kisumu, utakikuta kiwanja cha Nyanza Golf Club. Kazi ya kedi, yaani kuchukua mifuko ya fimbo, huwapa vijana riziki, na wachezaji wengi wa Kenya wanaolipwa kwa mchezo huu walianza kwa kuchukua mifuko ya wengine.

Namfahamu kijana mmoja wa kwetu aliye katika kazi hiyo. Mzee wake aliuza ng'ombe ili anunuliwe nusu seti ya fimbo kuukuu. Jioni moja alipiga mipira mingi sana kwa fimbo moja, yote ikaenda sawa, wenzake wakampigia makofi. Akapeleka habari nyumbani ya kuwa sasa ameiva. Baada ya siku mbili alicheza mashimo 18, akaharibu mchezo tangu shimo la kwanza hata la mwisho. Alinijia na kuniuliza kama auze fimbo zile, ama akope fedha anunue mpya. Nilimsihi asifanye lo lote kati ya hayo kabla hajajaribu mwezi mzima mashauri ninayoyaandika hapa. Fimbo zile angali nazo, na ng'ombe wa mzee hakupotea bure.

Basi, ustadi hupotea kwa sababu gani? Sababu ya kwanza ni kwamba mara nyingi haujawa wetu bado. Mtu asimamapo mahali pamoja akapiga mipira 50 kwa fimbo moja kuelekea upande mmoja, kila mpira humsahihisha kwa ajili ya ule unaofuata. Mikono imekwisha pata moto, na jicho limezoea. Lakini katika mchezo wenyewe hupigi mara mbili mahali pamoja. Unapiga mara moja, unatembea dakika kadha, kisha unatakiwa kupiga kwa fimbo nyingine, penye mteremko, na upepo wa ziwa ukivuma ubavuni. Husimuliwa hata leo kwamba katika miaka ya 1950 kiwanja cha Nyanza kilikuwa na kanuni ya kumruhusu mchezaji aweke mpira mwingine mbali kidogo, pasipo adhabu, ikiwa mpira wake umesimama karibu mno na kiboko au mamba. Mahali pa mazoezi hapana kiboko, na kwa ajili hiyo pana udanganyifu mwingi.

Sababu ya pili ni haraka. Karani ye yote aliyejifunza kupiga taipu ataelewa maneno haya. Mwaka wa 1978 wataalamu wawili wa Uingereza, Baddeley na Longman, walitangaza habari za watumishi wa Posta waliofundishwa kupiga taipu. Wengine walijifunza saa moja tu kwa siku, na wengine saa nne kwa siku. Wale wa saa moja walizijua herufi zote baada ya saa 35 hivi za mafunzo, na wale wa saa nne walihitaji kama saa 50. Tena la kustaajabisha ni hili: wale wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote, kwa kuwa walijiona wanakawia siku nyingi. Hivyo moyo wa mtu si mizani nzuri ya kupimia mafunzo yake. Jioni inayotupendeza kupita zote huenda ikawa ndiyo iliyotufundisha kidogo.

Sasa tuyatazame mambo ya kufanya.

Kwanza, andika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na ustadi ni mali. Siku ile ile uliyopiga vizuri, kabla hujalala, andika ulivyosimama, ulivyoshika fimbo, mpira ulikuwa karibu na mguu gani, na ni wazo gani moja lililokuwa kichwani mwako. Mambo haya manne huhama polepole pasipo mtu kujua. Yakikupotea, rejea daftari lako kabla ya kutafuta dawa mpya.

Pili, gawanya mazoezi. Nusu saa kwa siku nne ni bora kuliko saa mbili za siku moja. Asiye na kiwanja karibu, kama sisi wa Usenge, aweza kuzungusha fimbo polepole uani pasipo mpira. Asubuhi ulipe jua mgongo, weka jiwe penye kivuli cha kichwa chako, kisha zungusha. Kivuli kikiliacha jiwe mbali kabla fimbo haijafika pale ambapo mpira ungekuwapo, utajua kwamba kichwa kinahama. Mwalimu huyu hadai ada.

Tatu, badili fimbo na shabaha kila mpira. Hapo mipira mingi zaidi itakwenda vibaya, nawe utaona haya mbele ya wenzako. Vumilia, kwa maana hayo ndiyo mazoezi yanayofanana na mchezo. Mfano mzuri ni Seve Ballesteros wa Hispania. Alipokuwa mtoto katika kijiji cha Pedreña alikuwa na fimbo moja tu, ile ya chuma namba 3, akapiga nayo mipira katika mchanga wa pwani. Fimbo ile ile aliilazimisha ifanye kazi zote, za mbali na za karibu, za juu na za chini. Mtoto yule alikua akaja Nairobi, na mwaka wa 1978 akashinda Kenya Open katika kiwanja cha Muthaiga. Mchanga na maji hata Usenge vipo.

Nne, ujipime kwa mpira wa kwanza. Kila uendapo kufanya mazoezi, chagua shabaha, upige mmoja kana kwamba ni wa mashindano, kisha uandike ulikokwenda. Ile mipira mingine 49 huonyesha uwezo wa jioni ile tu. Huu wa kwanza ndio utakaokuambia kilichobaki tangu juzi.

Tano, usiongeze neno jipya kabla lile la kwanza halijakaa. Mtu akipiga vibaya mara mbili, hubadili mshiko. Akikosa tena, hubadili miguu. Mwisho hajui lipi lilikuwa jema. Mvuvi hakati wavu wake kwa sababu ya usiku mmoja usio na omena. Kwanza hutazama mwezi, upepo na taa zake.

Vijana wangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Makofi ya Jumamosi yapokeeni kwa shukrani, lakini msiyafanye cheti. Siku njema imekuonyesha kwamba jambo lile lawezekana katika mwili wako. Kulifanya likae ni kazi ya siku nyingine nyingi, ambazo hapana mtu atakayezishangilia. Nanyi wazazi mliotoa ng'ombe, msiwahukumu watoto kwa Jumanne moja. Waombeni wawaonyeshe daftari.