Lugha ya Ukaguzi wa Mwisho: Ndege ya Nyumbani na Istilahi za Fundi

Mijadala kuhusu istilahi za kisayansi miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huhusu tarakilishi, rununu na barua meme. Ni maneno yasiyomdhuru mtu: asiyependa kusema rununu husema simu, na mazungumzo yakaendelea. Ipo sehemu nyingine ya taaluma hii isiyoguswa sana, nayo ni lugha anayoitumia fundi anapokabidhi kazi yake kwa mkaguzi. Makala haya yanaitazama lugha hiyo kupitia mfano utakaoonekana wa kigeni kwa baadhi ya wasomaji: ndege ndogo iliyoundwa nyumbani, yenye injini ya rota, inayongoja ukaguzi wa mwisho kabla ya kuruka.

Ugeni huo si mkubwa kama unavyodhaniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Nyeri alivuma magazetini, hata ng'ambo, kwa kuunda eropleni uani kwake akitumia injini ya gari la Toyota. Baadaye zimesikika habari za helikopta zilizoundwa vijijini, Kenya na Tanzania. Kila mara waandishi wa habari huuliza swali moja tu: je, itaruka? Swali la mkaguzi hutangulia hilo. Yeye huuliza: kimefanywa nini, kimefanywaje, na kimeandikwa wapi?

Hebu msomaji amfikirie fundi wa Buxton, katika kisiwa cha Mombasa. Mahali hapo panaufaa mfano huu. Karibu nao, Tudor, kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Bandarini hushushwa magari yaliyotumika kutoka Japani pamoja na vipuri vyake. Na upande wa Mji wa Kale ziko kumbukumbu za mafundi wa majahazi. (Ua wa kuundia ndege ndilo jambo gumu zaidi. Nyumba za zamani za Buxton zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2020 kupisha maghorofa, na bawa la mita nne halipandi ngazi. Fundi huyu hana budi kuunda vipande vipande, kisha aviunganishe uwanjani.)

Injini yake ni ya Mazda, ya jamii iitwayo 13B, iliyokuwamo katika gari la RX-8. Magari hayo yalikoma kuundwa mwaka 2012, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane, RX-8 haiwezi tena kupita bandarini kwa njia ya kawaida. Fundi hupata injini iliyokwisha kuzeekea nchini. Ndani yake hamna pistoni wala valvu. Mna rota mbili, kila moja ikiwa na umbo la pembetatu yenye pande zilizobinuka, na huzunguka ndani ya chumba kilicho mfano wa namba nane iliyonenepa. Rota ikizunguka mara moja, ekseli huzunguka mara tatu. Kwa sababu hiyo mwendo wa injini ni wa kasi mno kwa rafadha, na lazima pawe na sanduku la gia la kuupunguza kabla haujaifikia. Oili nayo hubeba sehemu kubwa ya joto, kwa hiyo kipozeo chake hukaguliwa kwa makini sawa na radieta.

Hapa ndipo istilahi inapoanza kuuma. Kiingereza huziita kwa jina moja injini mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni hii iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel, ambayo ilinguruma kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Ya pili ni ile ya zamani ambayo silinda zake zote huzunguka pamoja na rafadha, huku ekseli ikiwa imetulia. Pwani hii iliiona hiyo ya pili mapema: baadhi ya ndege za Waingereza zilizoletwa mwaka 1915 kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji zilikuwa nayo, na zilitaabika sana kwa joto. Mfasiri anayeandika "injini ya mzunguko" huku akidhani amemaliza kazi, ameurithi mkanganyiko wa watu wengine bila kuuliza bei yake.

Turudi kwa mkaguzi. Ukaguzi wa mwisho wa ndege ya nyumbani haufanywi kwa kuizunguka ndege na kuipapasa. Vifuniko vyote huondolewa ili viungo vya ndani vionekane. Kila bolti hutazamwa kama imekazwa na kutiwa pini au waya wa kuizuia isilegee. Usukani huchezeshwa ili kuthibitisha kwamba mkia na mabawa huitika kwa upande unaotakiwa. Zimekuwapo ndege zilizoanguka mara tu baada ya kupaa kwa kuwa waya za usukani ziliunganishwa kinyume. Mafuta hupimwa kasi ya kutiririka pua ikiwa imeinuliwa. Ndege hupandishwa kwenye mizani, gurudumu moja moja, ili kitovu cha uzito kijulikane. Kisha hufunguliwa daftari la fundi lenye tarehe, vipimo na picha za kila hatua, maana bila hilo hakuna ushahidi kwamba kilichofichika ndani ya bawa kilifanywa ipasavyo. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA), na hapo ndipo herufi 5Y, zinazoitambulisha ndege ya Kenya popote duniani, hupata maana.

Fundi wa mfano huu ameunda kwa Kiswahili. Amefikiri kwa Kiswahili, amewaagiza wasaidizi wake kwa Kiswahili, lakini daftari anatakiwa aliandike kwa Kiingereza alichokiacha shuleni. Matokeo yake ni mawili: ama haandiki, ama anaandika asichokijua. Yote mawili ni hatari.

Wapo watakaosema dawa ni rahisi: aandike Kiswahili. Si rahisi. Chukua kitenzi kimoja tu, *funga*. Karakana huifunga injini, yaani huipachika mahali pake. Huifunga bolti, yaani huikaza. Hufunga kifuniko, hufunga bomba la mafuta ili yasipite, na hufunga waya kwa waya. Daftari likisema "mafuta yamefungwa", je, bomba limeunganishwa au limezibwa? *Fungua* ni shida zaidi, kwani kufungua injini ni kuilegeza kipande kwa kipande hadi ibaki mifupa mezani. Katika gereji utata huu haudhuru, kwa kuwa wanaozungumza wanaitazama injini ileile. Daftari husomwa na mtu ambaye hakuwapo.

Ajabu ni kwamba Kiingereza chenyewe kiliwashinda mafundi wa ndege. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa ndege wa Ulaya walikiri kuwa vitabu vyao vya matengenezo havieleweki kwa mafundi wengi duniani, wakabuni Kiingereza kilichopunguzwa makusudi: msamiati wa jumla wa maneno yapatayo 900, kila neno lina maana moja, sentensi ni fupi, na agizo halibebi matendo mawili kwa pamoja isipokuwa yanafanyika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hoja ya wanaodai kwamba anga ni ya Kiingereza na Kiswahili hakina nafasi humo ina kasoro. Kilichoaminiwa pale ni nidhamu ya lugha. Kiingereza kilitiwa nidhamu hiyo kwa mikono ya watu, na hakuna sababu ya kiisimu inayokizuia Kiswahili kutiwa.

Tena Kiswahili hakianzi na mikono mitupu. Neno *rubani* lilikuwa la baharini kabla ya kupaa angani: ni yule aliyekiongoza chombo kupita kwenye mikondo na miamba. *Rafadha* nayo ilizungushwa majini kwanza. Jahazi lina *mkuku* na *mataruma*, na hakuna maneno yanayouelezea vizuri zaidi uti na mbavu za kiwiliwili cha ndege. Lina pia *farumi*, ule uzito unaopangwa ndani ya chombo ili kisilale upande wala kisizame tezi. Ukaguzi wa mizani uliotajwa hapo juu ni suala la farumi tangu mwanzo hadi mwisho, na baharia wa Mji wa Kale angeelewa mara moja kwa nini ndege nzito upande wa tezi ni kifo. Wanafunzi wa fasihi huyakuta maneno ya chombo na bahari katika ushairi wa Muyaka, wakayaeleza kama jazanda, wakapewa alama zao, na habari ikaishia hapo.

Hata hivyo mapenzi ya maneno ya kale yasipindukie. Mtu anaweza kuvutiwa aiite rota *pia*, kwa jina la kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa kamba. Ni neno zuri, nalo halifai. Pia ni kiunganishi kinachojitokeza karibu katika kila sentensi, na "kagua pia" ni agizo ambalo hakuna fundi atakayelielewa kwa hakika. *Rota* ibaki, kama zilivyobaki plagi na gia.

Kinachohitajika ni kazi ya mikono miwili. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada. Vyuo vya ufundi vina wanafunzi wanaoandika taarifa za mitambo kwa lugha isiyo yao. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Fomu za Mamlaka zikibaki za Kiingereza, daftari la fundi laweza kuwa na safu mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, mradi vitenzi vyake viwe vimekubaliwa: *kaza* kwa bolti, *pachika* kwa injini, *unganisha* na *ziba* kwa bomba, *funika* kwa kifuniko, na *funga* iachwe kwa waya peke yake. Orodha ya vitenzi hamsini ingetosha kuanzia, na ijaribiwe karakanani kabla ya kupelekwa kongamanoni. Zipo sehemu ambazo mjadala utakuwa mkali, mathalani zile sili za kwenye pembe tatu za rota, ambazo zikivunjika injini hupoteza nguvu ikiwa angani. *Sili ya ncha* yafaa, na *sili ya pembe* yafaa. Ichaguliwe moja kabla daftari halijaandikwa ukurasa wa kwanza.