Damu Gani Hii Inayosubiri Kiangazi?

Juzi redioni kiongozi mmoja aliulizwa kwa nini wafugaji na wakulima hawaishi kupigana. Akajibu bila hata kukohoa kwamba wale, vita viko damuni mwao. Mtangazaji akacheka, akaweka tangazo la sabuni. Chai ilinishinda.

Hebu nielezeni: ni damu gani inayolala mvua ikinyesha, ikaamka visima vikikauka?

Twendeni Tana River. Wapokomo hulima kandokando ya mto: mahindi, migomba, miembe. Waorma hufuga huko bara, na visima vikikauka huteremsha ng'ombe mtoni kupitia malka, njia za kunyweshea zinazokatiza katikati ya mashamba. Miaka ya neema maziwa yalibadilishwa kwa nafaka na watu wakaoana. Sasa simama kwenye malka kiangazi kikikaza. Ng'ombe keshanusa maji, fimbo haimwambii kitu. Njia imebanwa na ua wa miiba huku na huku. Mmoja anachepuka, anang'oa bua la muhindi, kundi zima linamfuata. Mwenye shamba naye mvua ilimnyima. Bua lile ndilo alilobaki nalo. Panga linatoka hapo, wala halitoki damuni.

Agosti 2012, kijijini Riketa hukohuko Tana River, waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Kufikia mapema 2013 waliokufa katika delta ya mto huo walipita 100. Mtaniambia ni siasa, uchaguzi ulikuwa mlangoni. Sawa. Mwanasiasa ana kiberiti. Nyasi kavu kazitoa wapi?

Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua ilitutupa. Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wanasayansi wa World Weather Attribution walisema Aprili 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame ule angalau mara 100. Na serikali? Februari mwaka huohuo ilipeleka wanajeshi Turkana, Pokot Magharibi, Baringo na kaunti jirani kupambana na wezi wa mifugo. Waliokosa mvua wakaletewa bunduki.

Redioni humohumo msikilizaji mmoja akapiga simu kumtetea kiongozi wake: eti ukame ulikuwepo tangu enzi za Farao. Ulikuwepo, ndugu yangu. Ila Farao alikuwa na Yusufu wa kujaza maghala, sisi tuna makongamano. Na nduguze Yusufu njaa iliwafikisha Misri. Sijasikia mhubiri hata mmoja akisema kuhamahama kulikuwa damuni mwao.

Tukiwa kwenye makongamano: Septemba 2023 Rais aliendesha kigari cha umeme hadi ukumbi wa KICC kwenye mkutano wa tabianchi wa Afrika. Picha zilipendeza. Kigari kile kingefika Garsen, kule Tana River? Hotuba nilizosikia zilijaa mikopo ya kijani na masoko ya kaboni. Malka, sikusikia hata kwa bahati mbaya.

Kazi yenyewe haihitaji ukumbi. Chimbeni visima na mabwawa huko bara kabla mifugo haijaanza kuteremka. Pimeni malka kwa kamba, zipanuliwe, na mkulima anayepoteza kipande alipwe siku hiyohiyo, asiambiwe arudi kesho na nakala tatu za kitambulisho. Fedha mkizikosa, anzeni na fungu la chai na maji ya chupa ya semina.