Mtoto Akienda Chuo, Matumizi ya Nyumbani Hayapungui

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi wengi hupiga hesabu nyepesi: mlaji mmoja anaondoka, basi nyumba itapumua. Hesabu hiyo huwadanganya wengi, hasa wakulima.

Tuitazame nyumba ya Muislamu aishiye Tosamaganga, jirani na mji wa Iringa. Kijana wake alipokuwa nyumbani alikula mahindi na maharage ya shambani na mboga za bustanini, wala hakulipia kitanda. Siku anapopanda basi kwenda Morogoro, Mbeya au Dar es Salaam, kila tonge lake hugeuka shilingi. Anachoacha ghalani ni madebe machache kwa mwaka. Anachohitaji ni fedha taslimu kila siku.

Tatizo la pili ni kalenda. Katika Nyanda za Juu Kusini, mahindi huvunwa katikati ya mwaka, nacho chuo kikuu kwa kawaida hufunguliwa Oktoba au Novemba. Huo ndio wakati mkulima anaposubiri mvua na kutafuta mbegu na mbolea ya kupandia. Atakayeitumia fedha ya mbolea kulipia chumba cha mtoto atavuna kidogo, na ada ya mwaka wa pili itamshinda. Naye auzaye mavuno yote mwezi Julai huuza bei ikiwa chini, kisha masika humkuta akinunua unga.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewafaa wengi. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, yaani 300,000 kwa siku 30. Hata hivyo, si kila mwombaji hupata, na fedha hiyo haitangulii usajili. Siku za mwanzo chuoni ni za mfuko wa mzazi. Aidha, mkopo ni deni. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyowatia shaka Waislamu wengi kwa kuogopa riba, ilifutwa mwaka 2021. Lakini deni lenyewe lipo, na mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Familia isome masharti yote na imwulize mwanachuoni kabla ya kijana kutia saini.

Tunashauri mambo manne.

Kwanza, familia ikae shura kabla ya safari, na hesabu iandikwe. Allah (Subhanahu Wataala) ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, kuandika madeni. Nyumba yenye tabia hiyo haitashindwa kuandika nauli, kodi na chakula. Kijana ajue baba ana nini na hana nini.

Pili, mavuno yagawanywe mapema. Itangulie zaka kwa aliyefikia nisabu, kwa kuwa haki ya mazao hutolewa siku ya kuvuna na haisubiri ada. Kisha yatengwe magunia ya chakula, ya pembejeo na ya elimu. Ya elimu yahifadhiwe dhidi ya dumuzi na yauzwe kidogo kidogo bei inapopanda.

Tatu, fedha itumwe kwa mwezi. Mzazi atumaye elfu tano tano kwa simu humlipa wakala na kampuni ya simu kila mara, na kijana hajifunzi kupanga. Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu wanaotumia bila israfu wala ubakhili.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, uadilifu. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alikataa kuishuhudia zawadi ambayo baba wa Nu'man bin Bashir alimpa mwanawe huyo peke yake. Ni kweli kwamba gharama ya masomo ni haja, na haja za watoto hutofautiana. Lakini haja ya kaka haihalalishi kumtoa dada yake kidato cha pili. Ada ya sekondari ya serikali imeondolewa, lakini sare, madaftari na chakula bado vinamtazama mzazi. Vilevile, fedha ya kuku na bustani ya mama ni mali yake. Matumizi ya watoto yako juu ya baba; mama akitoa kwa ridhaa yake ni ihsani, iandikwe na ashukuriwe. Isichukuliwe kimyakimya kana kwamba haina mwenyewe.

Tunamwomba Allah awape wazazi wepesi, na awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.