Pedali Hiyo Haiboreshi Gitaa Lenu

Jumapili moja baada ya ibada, kijana anayepiga solo katika kwaya ya mtaani kwetu, hapa Aru, aliniita nyuma ya jukwaa. Alikuwa na kitu amekiviringisha kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba yai. Akakifungua: pedali ndogo ya chuma yenye vitufe viwili vya kuzungusha, mojawapo ya zile zinazouzwa kwa ahadi ya kuboresha sauti. Ilitoka Kampala kwa basi mpaka Arua, ikavuka mpaka kwa pikipiki. "Mukubwa," akaniambia, "sasa gitaa letu litalia kama la Kinshasa." Wanakwaya walichangishana miezi mitano kuipata. Nikaliomba gitaa nilishike. Nyuzi zake zilikuwa zimeshika kutu, na nilipolirudisha vidole vyangu vilikuwa vya kahawia.

Imani hii nimeikuta Aru, nimeikuta Ariwara, nimeikuta Bunia: kwamba sauti nzuri imo ndani ya kisanduku, na asiye na kisanduku atabaki mpigaji wa kijijini maisha yake yote. Naikataa. Pedali ya kuboresha sauti haiboreshi sauti ya gitaa la umeme. Inaongeza ung'avu na kishindo basi, na mara nyingi inafunika ugonjwa ambao ungetibiwa kwa bei ya pakiti moja ya nyuzi.

Vifaa vya aina hii havikuzaliwa kwa ajili ya gitaa. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Kimarekani ya Aphex ilitengeneza mashine ya studio, ikawa inaikodisha tu, dola 30 kwa kila dakika ya muziki uliokamilika. Wakati ule muziki ulirekodiwa kwenye tepu, na tepu ikinakiliwa mara tatu au nne, sauti zake za juu hufifia. Mashine ilichukua kilichobaki huko juu, ikakikwaruza kidogo ili kizae sauti nyingine za juu zaidi, kisha ikazichanganya na muziki wenyewe. Kampuni nyingine ya huko huko, BBE, ikaja na njia yake: kuchelewesha kidogo sana sauti nzito ili zile nyembamba zitangulie, na kuzipandisha hizo nyembamba. Kwa tepu iliyochoka, dawa hiyo ilikuwa na maana, na sina ugomvi na mafundi walioitumia. Ugomvi wangu ni na aliyeichukua dawa ya tepu, akaitia kwenye kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu, akamuuzia mpiga gitaa asiye na tepu yoyote.

Kijana wetu atasema: lakini nimesikia tofauti kwa masikio yangu. Naamini amesikia. Sikio lina tabia iliyojulikana tangu 1933, pale Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walipoipima: sauti ikiwa ndogo, hatuzisikii vizuri zile nzito na zile nyembamba, ikiongezeka, zote mbili hujitokeza na muziki huonekana umejaa. Kwa hiyo kifaa chochote kinachopandisha sauti hata kidogo tu, sikio litakiita kizuri. Muuzaji anakanyaga pedali, gitaa linapanda, mnunuzi anatabasamu, fedha inatoka. Hakuna aliyedanganya kwa maneno, ila kipimo hakikuwa cha haki.

Kipimo cha haki hakigharimu kitu. Mpe mwenzako pedali, wewe ugeukie ukuta. Kwanza atafute alama mbili kwenye kitufe cha sauti cha amplifaya, moja ya pedali ikiwa imewashwa na nyingine ikiwa imezimwa, ili gitaa liwe na nguvu ile ile. Programu ya simu ya kupima sauti inatosha kwa kazi hiyo. Kisha apige kipande kile kile mara kumi, akiwasha na kuzima, na kurudisha kitufe kwenye alama yake, bila kukuambia, na wewe utaje ipi ni ipi na ipi ni nzuri zaidi. Fanyeni hivyo kabla ya kununua, siyo baada.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, maana hapa ndipo kwaya zetu zinapopotezewa fedha. Katika makanisa mengi ya Aru hakuna amplifaya ya gitaa. Kuna mikisa moja, bafle mbili, na kila kitu kinachomekwa humo: maikrofoni za waimbaji, kinanda, besi na gitaa la solo. Gitaa likichomekwa moja kwa moja linatoka limezibwa, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Anayesikia hivyo anadhani gitaa ni baya, au vidole vyake ni vibaya, au anahitaji kisanduku.

Sababu ni nyingine. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara, na umeme inaoutoa ni mdogo na mnyonge. Inataka kuchomekwa kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, kiasi cha omu 1,000,000. Tundu la kawaida la laini kwenye mikisa, lile la kinanda, lina kama omu 10,000. Pikapu inabebeshwa mzigo usiokuwa wake. Fikirini baiskeli iliyopakiwa magunia manne: kwenye tambarare inakwenda, kwenye mlima inakufa. Noti nzito zinapita, zile ng'avu za juu zinafia njiani.

Akija mtu na pedali ya kuboresha sauti, akaiweka kati ya gitaa na mikisa, blanketi linaondoka. Kanisa zima linageuka kutazama. Kilichotokea ni kwamba pedali, kama pedali nyingi zikiwa zimewashwa, ina mlango wa ukinzani mkubwa upande wa gitaa, ikapokea ule umeme mnyonge bila kuubebesha mzigo na kuutuma mbele kwa nguvu. Kazi hiyo hiyo ingefanywa na pedali ya kutyuni ya Boss TU-3, ambayo haina kitufe hata kimoja cha kubadilisha sauti. Ingefanywa na kisanduku cha DI chenye umeme wake, kile kinachokaa kati ya ala na mikisa. Na kwenye baadhi ya mikisa ingefanywa na kitufe kidogo kilichoandikwa Hi-Z, ambacho nimekikuta zaidi ya mara moja hakijabonyezwa tangu mikisa itolewe dukani. Hapo kwaya inakuwa imetoa zaidi ya dola mia moja kwa kazi ya kidole kimoja.

Mwenye amplifaya halisi ya gitaa naye asijidanganye. Spika ya gitaa haijaundwa kutoa sauti za juu kabisa. Ile maarufu ya inchi 12 ya Celestion, Vintage 30, mtengenezaji mwenyewe ameiandikia mwisho wa hezi 5,000. Ung'avu wote ambao pedali inauzalisha juu ya hapo unafika mlangoni na kukuta mlango umefungwa. Upande wa chini ni vibaya zaidi. Uzi mzito wa mi, ukiupiga bila kuubana, unatetemeka mara 82 kwa sekunde, na hakuna noti ya gitaa la kawaida chini yake. Lakini kuna kitu chini yake: mvumo wa umeme, hezi 50, ule unaotoka kwenye jenereta na kwenye nyumba zisizo na waya wa ardhi, yaani nyumba zetu nyingi. Zungusha kitufe cha kunenepesha besi, na utakachonenepesha ni mvumo huo.

Nyuzi pia. Jasho la mikono na vumbi la kiangazi vinaua uzi wa chuma kwa wiki chache ukipigwa kila siku, na kinachokufa kwanza ni ule mlio ng'avu ambao tunatumwa tukautafute Kampala. Pakiti nzuri haifiki dola kumi. Kebo ndefu nayo inakula sauti za juu, kila mita na sehemu yake. Kebo ya mita kumi kwa mpigaji anayesimama hatua tatu kutoka kwenye mikisa haina kazi. Na kitufe cha sauti kwenye gitaa lenyewe, ukikirudisha nusu, kwenye magitaa mengi kinapunguza ung'avu pamoja na nguvu. Haya yote mpigaji anaweza kuyamaliza Jumamosi jioni kabla ya mazoezi.

Nakasirika hasa ninapoambiwa kwamba pedali italeta sauti ya Kinshasa, kwa sababu wapiga gitaa wa nchi hii yetu ya Kongo walilitatua swali la ung'avu zamani, na walilitatua kwa uzi mmoja. Wanaiita mi-composé. Unatoa uzi wa nne, re, ulio mnene. Mahali pake unaweka mwembamba na kuutyuni re ile ile, oktava moja juu. Gitaa lile lile linaanza kulia kama kengele, na vidole vinapata michezo ambayo gitaa la kawaida halina. Gharama yake ni uzi mmoja. Nimewauliza vijana wengi wanaoota pedali kama wamewahi kujaribu. Wengi hawajawahi hata kulisikia jina hilo. Wazee wao waliipiga, na sisi tuliokuja katikati hatukuwafundisha. Hilo ni kosa letu, na nalibeba pamoja na wenzangu wa umri wangu.

Mpiga gitaa Franco Luambo alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea, na mwaka 1956, akiwa hajatimiza miaka 18, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya OK Jazz. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, akamrekodi akiimba kwa Kiswahili na gitaa la mbao lisilo na umeme kabisa. "Masanga" yake ilipigwa kwa kidole gumba na cha shahada, na wapigaji wa dunia bado wanakaa chini kuichambua. Kwa majirani zetu Waalur, kuanzia Mahagi mpaka ng'ambo kule Nebbi, mpiga kinubi cha adungu anakaza nyuzi zake kwa sikio, anasikiliza, anakaza tena, na hakai mbele ya watu mpaka ala imekubali. Sauti ya hawa wote ilitoka mahali mkono unapogusa uzi.

Wapo watakaonijibu kwamba nyimbo wanazozisikia leo zina ung'avu ambao gitaa lao halina. Ni kweli, na wanastahili jibu. Wimbo unaofika Aru ndani ya kadi ya simu umepita kwenye studio. Gitaa limesawazishwa likae kati ya besi, ngoma na sauti ya mwimbaji, na kazi nzima imekazwa ili isikike hata kwenye spika ndogo kama sarafu. Usilinganishe gitaa la peke yake chumbani na wimbo uliokwisha kupikwa. Mpe huyo mpigaji wa studio gitaa lako lenye nyuzi mpya, umsikie akiwa peke yake, ndipo ulinganishe.

Sisemi pedali zote ni bure. Mwangwi unabadilisha namna noti zinavyofuatana, na mpigaji mzuri huutumia kama mwenzake wa pili. Pedali ya kukwaruza sauti ina muziki wake. Kila moja inafanya jambo unaloweza kulitaja kwa jina na kulisikia hata ukiwa umegeukia ukuta. Ile ya kuboresha inaahidi uzuri wenyewe, na uzuri hauna kitufe. Mtu mwenye gitaa lililotunzwa, uzi mpya, kebo fupi na tundu sahihi akiiongeza mwishoni kwa sababu amependa ule mng'aro, ni fedha yake na sikio lake. Lakini mwenye kwaya iliyochangishana miezi mitano, wengi wao mama wauza mihogo na mafuta ya mawese sokoni, hana haki ya kuanza na kitu hicho.

Tulipomaliza mazungumzo na yule kijana wa solo siku ile, tulinunua nyuzi, tukasafisha matundu ya gitaa, tukatafuta kitufe cha Hi-Z. Kilikuwepo. Jumapili iliyofuata mama mmoja wa sauti ya pili aliniuliza kama ndiyo ile pedali mpya inalia. Ilikuwa bado imo kwenye kitambaa chake, juu ya kinanda, haijachomekwa.

Viongozi wa kwaya za Aru, Ariwara na Bunia, nawaomba hivi: mkisikia gitaa limezibwa, kagueni kwanza uzi, kebo na tundu gitaa lilimochomekwa. Kama baada ya hayo fedha imebaki, mlipieni kijana nauli aende akakae wiki moja kwa mzee anayejua mi-composé, na mfanye haraka, maana wazee hao wamebaki wachache.