UWANJA USIO NA WATAZAMAJI HAUNA WALINZI

Katika viwanja vya shule vya Moshi mjini, na vya milimani kutoka Machame na Kibosho hata Marangu na Mwika, iko furaha kubwa isiyolipiwa kiingilio hata senti moja. Watoto hucheza kandanda na netiboli, hukimbia mbio za vijiti, huvuta kamba. Mama atokaye sokoni hutua kapu lake atazame. Mzee aliyesema kwamba anapita tu huonekana nusu saa baadaye akimfokea mwamuzi.

Twasema kwamba furaha hiyo ni haki ya kila aliyefanya kazi juma zima. Mfanyakazi wa mashamba ya miwa ya Arusha Chini na mkulima wa kahawa wa Uru hawaonani mara nyingi. Lakini timu za watoto wao zikikutana, wao nao hukutana, wakataniana, wakaagana kama ndugu. Mtoto naye, amwonapo baba yake ukingoni, hukimbia kwa mbio ambazo hakujua kwamba anazo.

Hata hivyo, wazazi wajao ni wachache. Michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi, na ya UMISSETA kwa sekondari, huanzia shuleni na kupanda ngazi hadi taifa. Ngazi ya chini ndiyo yenye watoto wengi, nayo ndiyo yenye watazamaji haba. Tukingoja mpaka mtoto avae rangi za mkoa ndipo tumpigie makofi, wale wengine wote tumewanyima.

Tena liko jambo zito zaidi. Mlimani ardhi ni haba. Vihamba vimegawanywa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na kutoka kwa mwana hadi kwa mjukuu, na mahali tambarare ni adimu. Kwa hiyo kila kiwanja hutamaniwa. Leo kona yake hujengwa kibanda, kesho hupitishwa njia ya magari, keshokutwa huchimbwa msingi wa nyumba. Kiwanja hupotea kidogo kidogo, mahali ambapo hapana jicho la kukitazama. Lakini wazazi mia waliozoea kusimama ukingoni hawatanyamaza wakikuta kigingi kimepigwa karibu na goli.

Wako wasemao kwamba michezo hula wakati wa masomo. Nchi yetu imekwisha kuijaribu njia yao: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kisha yakarudishwa. Mtoto aliyejifunza kushindwa bila kununa, na kushinda bila kujivuna, amepata somo ambalo ubao haulifundishi.

Wala tusiwatazame washindi peke yao. Mwaka 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki mjini Mexico City, ndugu yetu John Stephen Akhwari aliumia njiani, akafungwa goti, akaendelea. Alimaliza wa mwisho, giza limeingia na watu wengi wamekwisha kwenda zao. Wachache waliobaki walimshangilia, na dunia humkumbuka mpaka leo. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alishinda mbio za namna hiyo hiyo katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, akimpita mwenzake kwa sehemu 3 tu za mia ya sekunde. Mmoja alikuwa wa mwisho, mwingine wa kwanza, na wote wawili ni fahari yetu. Katika kila shule yuko mtoto afikaye wa mwisho, naye anastahili kukuta watu wangali wamesimama.

Basi twawaomba wazazi na wafanyakazi wa Moshi: watoto wanapocheza, nendeni mkawatazame, nanyi msiondoke kabla ya filimbi ya mwisho. Nao viongozi wa mitaa na vijiji waipime mipaka ya kila kiwanja na kuiandika. Na mahali palipo na ardhi ya kijiji, wananchi waulize habari zake katika mkutano mkuu. Wazee waliotenga uwanja katikati ya migomba walijinyima shamba kwa ajili ya watoto. Haitupasi sisi kuwanyang'anya wajukuu wao.