Seremala na Nta ya Nyuki

Wakulima wengi wenye mizinga, wakiisha kukamua asali, huyatupa masega kana kwamba ni takataka. Kumbe ndani yake mna nta, nayo ndiyo ikipayo kiti uso laini usiokwaruza mkono wala kuchana nguo.

Kuipata si kazi ngumu. Masega hutiwa katika mfuko wa kitambaa chepesi, yakachemshwa katika maji. Nta huyeyuka kwa joto la digrii 63 hivi za sentigredi, ikaelea juu. Maji yakipoa huganda kama sahani.

Lakini seremala asidhani kuwa nta huficha makosa. La, huyadhihirisha. Kila alama ya randa huonekana maradufu ubao ukishang'aa. Kwa hiyo kazi huanza kwa msasa: namba 80, kisha 120, mwisho 220, daima kwa kufuata nyuzi za mti. Kabla ya msasa wa mwisho, ubao hupanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukaachwa ukauke. Nyuzi zilizolala huinuka, na msasa huziondoa. Fundi aliyeruka hatua hii huziona baadaye, wakati nta imekwisha kupakwa.

Nta hulainishwa kwa tapentaini, na hapo ndipo penye hatari. Mvuke wa tapentaini hushika moto upesi. Anayeuweka mkebe juu ya jiko aweza kuiteketeza karakana pamoja na kazi ya mwezi mzima. Mkebe wa nta na uwekwe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta ikiisha kuyeyuka, upelekwe nje, mbali kabisa na moto, ndipo itiwe tapentaini, vipimo viwili kwa kimoja cha nta. Mchanganyiko ukipoa huwa kama siagi.

Haba na haba hujaza kibaba. Nta ikipakwa nyingi hubaki inanata, ikakusanya vumbi. Yapasa kupakwa nyembamba kwa kitambaa, kuachwa usiku kucha, na asubuhi kusuguliwa kwa kitambaa cha sufu mpaka ing'ae. Kazi hiyo hurudiwa mara tatu. Mvule, ambao vinyweleo vyake ni vipana, huenda ukahitaji zaidi.

Nta haivumilii joto. Kikombe cha chai ya moto huacha duara jeupe, kwa hiyo meza ya kulia chakula yafaa zaidi kupakwa vanishi. Bali kwa kiti, sanduku na kabati, nta ina fadhila yake: ikififia, mwenye nyumba huipaka tena mwenyewe bila kukwangua kitu.

Mnunuzi aliye mwangalifu hupitisha kiganja juu ya mbao kabla ya kuuliza bei. Kiganja hicho hakidanganyiki, na seremala aliyefanya haraka hupata jibu lake papo hapo.